Likizo ya Mama: Hoteli ya Kifahari au Karai la Maji Moto?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Je, ndugu msomaji, ni sheria gani impayo likizo mama mkulima? Swali hilo lilimjia mwandishi wa makala haya alipokwenda likizo kwao Nyamigogo, Biharamulo.

Mama yetu amekaribia miaka sabini. Jembe limempinda mgongo, na magoti humwuma kila aamkapo. Sisi wanawe tulio mijini tulichanga fedha ili tumpeleke Mwanza, alale usiku mmoja katika hoteli ya kifahari, akae katika bafu la mvuke na kukandwa mwili kwa mafuta. Mama alitusikiliza kwa utulivu, kisha akauliza bei. Alipotajiwa, alicheka.

"Wanangu, hayo ni mabati ya jiko zima. Kwani huko hotelini kuna maji gani yasiyochemka hapa?"

Mama alisema kweli. Watu wa Kagera waliijua raha ya maji moto kabla ya hoteli yoyote kujengwa. Chemchemi za Mtagata, katika Wilaya ya Kyerwa ya leo, zilikuwa mashuhuri tangu enzi za wafalme wa Karagwe. Mpelelezi Henry Stanley alipozitembelea mwaka 1876, wakati wa Mfalme Rumanyika, alikuta wagonjwa wakienda kuoga huko. Unguja nako, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mjini hamamu ambayo jengo lake lingali linaonekana mtaa wa Hamamni.

Basi tukakata shauri. Jumapili moja, sisi wanaume tulibeba ndoo hadi mtoni na kupasua kuni. Wajukuu walipika. Mkwe wake alimwandalia karai, akamkanda mgongo na magoti kwa kitambaa cha maji moto, kama akina mama wakandavyo wazazi waliojifungua. Mara tatu Mama aliinuka kwenda kutazama chungu. Mara tatu tulimrudisha mkekani. Jioni alilala bila kuugulia.

Joto hupanua mishipa ya damu na kulegeza misuli, hivyo maumivu hupungua. Lakini haliondoi ugonjwa. Kwa hiyo fedha zile zilimpeleka Mama hospitali kupimwa magoti, na zilizobaki zikanunua mabati kadhaa.

Wenye kutaka kufanya hivyo nyumbani wazingatie haya: maji ya kuogea yasizidi nyuzi 40 za Sentigredi, na dakika 15 zatosha. Kitambaa cha kukandia kijaribiwe kwanza kwenye mkono wa mkandaji, kwani maji yanayounguza si dawa. Mjamzito, na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, amwulize daktari kwanza.

Hoteli ya kifahari si dhambi kwa mwenye uwezo. Lakini kinachouzwa humo kwa bei kubwa ni kuhudumiwa: mtu mwingine achote maji, wewe upumzike. Hilo kila nyumba yaweza kumpa mama bila malipo.

Kesho yake alfajiri Mama alisimama mlangoni, akatutazama. "Na leo," akauliza, "nani aendaye mtoni?"

Kaka yetu mkubwa aliichukua ndoo.