Safari ya Chalbi Yataka Maji na Adabu

Mtu atakaye kusafiri hadi Loiyangalani, kwenye ufuko wa Ziwa Turkana, yafaa aanze kwa kufikiri habari ya maji. Barabara ya lami itokayo Isiolo humfikisha Marsabit bila taabu. Lakini akishika njia ya Maikona, Kalacha na North Horr, huwa ameingia nchi ya Wagabra, wachungaji wa ngamia wahamao kufuata malisho.

Huko ndiko liliko jangwa la Chalbi, ambalo zamani za kale lilikuwa ziwa. Wakati wa kiangazi ardhi yake huwa ngumu, na motokaa hupita upesi. Mvua inyeshapo hugeuka tope, na gari likinasa huweza kukaa siku nyingi. Kwa hiyo ni vema kuepuka miezi ya Aprili na Novemba, kwenda kwa magari mawili, kumchukua kiongozi mwenyeji, na kupakia maji yazidiyo siku za safari.

Wakati wa utawala wa Waingereza, uliokwisha mwaka 1963, msafiri hakuruhusiwa kuingia wilaya hizo bila cheti cha serikali. Siku hizi cheti hicho hakitakiwi, lakini ruhusa ya wenye visima yatakiwa bado. Mifugo hunyweshwa kwa zamu, na mgeni ajazaye madebe yake bila kuuliza huichukua zamu ya ngamia aliyekaa siku nyingi na kiu. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi msafiri na ajihadhari asije akamwachia mwenyeji wake kisima kikavu.