Ile nyota ya kusini, kumbe ni tatu!

Wadau, umeme ukikatika huku Mbagala msinune tu, tokeni nje. Mwezi wa sita, saa tatu usiku, tazameni kusini, upande wa Mkuranga. Kuna nyota mbili kali jirani na Msalaba wa Kusini. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri. Nilibisha kijiweni kwamba ni moja, nikaliwa soda! Mbili zinazungukana kwa miaka 80 hivi, ila zimebanana, bila darubini huzitenganishi. Ya tatu, Proxima, ni hafifu mno, kwa macho matupu huioni ng'o. Robert Innes aliigundua Johannesburg mwaka 1915. Ukitoa Jua, hiyo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote. Lakini ukaribu wenyewe si mchezo: mwanga utakaouona leo uliondoka huko miaka 4 na ushee iliyopita. Piga hesabu, ulikuwa kidato cha ngapi?