Meza Kuukuu ya Bebifuti na Kitenzi "Kuuza" Mpakani Rusizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza msamiati anaouhitaji mtu anayetafuta, hapa Rusizi, meza kuukuu ya bebifuti ili akaikarabati nyumbani kwake. Bebifuti, jina lililotoka katika Kifaransa, ni ule mchezo wa kandanda ya mezani: fimbo 8 za chuma na wachezaji 22, kila upande ukiwa na kipa 1, mabeki 2, viungo 5 na washambuliaji 3. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini idara ya lugha. Linaihusu, kwa sababu mtu anaweza kupoteza fedha kwa neno moja tu, tena neno tunalolifundisha mwaka wa kwanza.

Tuanze na sifa. Neno "mitumba" asili yake ni marobota, na aghalabu hutumika kwa nguo. Wanyarwanda nao husema "caguwa", neno walilolipata kutokana na kitenzi chetu "chagua". Ndizo nguo ambazo ushuru wake ulipandishwa mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Meza si caguwa. Meza iliyotumika huitwa "okazioni" na wafanyabiashara wengi, nasi katika Kiswahili sanifu tuseme "meza kuukuu". Ikumbukwe kuwa kuukuu si chakavu. Kuukuu ni ya zamani, na huenda bado ni imara, chakavu imeshachoka. Mnunuzi mwerevu hutafuta ya kwanza, lakini akianza kupatana bei huiita ya pili.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Katika Kiswahili sanifu, mwenye mali huuza na mwenye fedha hununua. Katika Kiswahili cha Bukavu na Kivu kwa jumla, "kuuza" ni kununua, na anayetoa mali "huuzisha". Tuchukue mfano: dalali wa Kamembe anakuambia, "Kuna mtu wa Bukavu anataka kuuza meza ya bebifuti." Mwanafunzi wetu atafurahi kwamba amempata mwenye meza, kumbe amempata mshindani wake! Akimpigia simu mtu huyo na kumweleza mahali alipoiona meza nyingine, basi ameshampa njia.

Je, hilo ni kosa la sarufi? Sisi hatuoni hivyo. Kiambishi -ish- kinafanya kazi yake ya kawaida ya kutendesha: ikiwa kuuza ni kununua, basi kuuzisha ni kumfanya mtu anunue. Mfumo umekamilika. Katika mtihani tutaendelea kudai usanifu, hasa tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, mwalimu anayekata "kuuzisha" kwa wino mwekundu bila maelezo anamnyima mwanafunzi wa Rusizi maarifa ambayo sokoni atayahitaji jioni hiyo hiyo.

Kuhusu ukaguzi wenyewe, hatuna mengi. Weka mpira katikati ya uwanja. Ukijiviringisha wenyewe, ama miguu haijalingana ama ubao umepinda. Zungusha kila fimbo polepole, kwani iliyopinda huonekana ikiyumba. Gonga mbao na utazame chini kama kuna unga wa bungua. Mchezaji aliyepotea si hasara kubwa, maana seremala atamchonga mwingine. Fimbo iliyopinda ndiyo kazi.

Katika kuandikiana, tunapendekeza vitenzi viwili visivyobadilika maana ng'ambo ya mto: kulipa na kupokea. "Mimi nimepokea fedha kiasi hiki, nimetoa meza moja, yeye amelipa, amechukua meza." Kisha tarehe, na sahihi za wote wawili.