Meza ya Goma Inaanzia Munigi

Mtanzania anayefika Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwenye hoteli za ukingo wa Ziwa Kivu, na huko hupewa orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kifaransa. Chakula cha huko si kibaya. Lakini hoteli hazilishi mji. Anayetaka kujua Goma inakula nini, na kwa nini inakula hivyo, apande kaskazini kwa barabara ya Rutshuru mpaka Munigi, asimame kando ya lami asubuhi na kuangalia kinachoteremka.

Munigi imo katika teritwari ya Nyiragongo, kwenye uchifu wa Bukumu, ila nyumba zake zimeshikana na za mji kiasi kwamba mgeni hajui mji umeishia wapi. Kinachoteremka hapo ni chukudu. Ni chombo cha mbao, chenye magurudumu mawili, usukani mpana kama pembe za ng'ombe na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Hakina pedali wala injini. Kikiwa na mzigo kwenye mteremko, mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili huuacha huru. Akitaka kupunguza mwendo hukanyaga kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa nyuma, nao husugua gurudumu. Juu ya ubao huo yamepangwa magunia ya viazi kutoka Kibumba, kabichi, karoti, vitunguu vya majani, na mara nyingi makaa ya kupikia hivyo vyote. Kurudi juu ni kusukuma kwa mikono. Goma iliwajengea waendeshaji hawa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara mwaka 2009, na sijui mji mwingine katika eneo letu ulioweka mchukuzi wa viazi mahali ambapo wengine huweka majenerali.

Viazi hivyo ni vizuri kwa sababu ya mlima unaotisha kila mtu hapo. Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470, na usiku usio na mawingu, moto unapokuwa juu ndani ya shimo lake, anga ya Goma huwa nyekundu. Waandishi wa safari wa Ulaya wamezoea kumpeleka msomaji Napoli, kule Italia, wakamwonyesha mji uliokaa chini ya Vesuvius, halafu wakamwambia kwamba nyanya na pizza za pale ni tamu kwa sababu ya udongo wa volkano. Ni kweli, na ufundi wa wapika pizza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Lakini Vesuvius haijalipuka tangu 1944. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka Januari 2002 na kupitisha uji wa moto katikati ya mji mpaka ziwani, ikalipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, safari hii lava ikisimama Buhene, kwenye viunga vya mji karibu na uwanja wa ndege. Mlima huu ni jirani wa Munigi hasa. Ukitembea hapo unakanyaga mawe meusi yenye ncha kali yanayokata soli. Kuta za viwanja zimejengwa kwa mawe hayo hayo, na wenyeji huyaondoa moja moja, wanayapanga pembeni, ili wapate upenyo wa kupanda maharage na mahindi. Udongo mnene wenye rutuba uko mbele zaidi, Kibumba na Rutshuru, ambako lava ya milipuko ya kale imeshaoza na kuwa shamba.

Sasa twende mezani. Chakula cha mchana ndicho kikubwa, na mahali pake ni malewa, vile vibanda vya akina mama wapishi ambavyo utavikuta Birere, Majengo, Katoyi na kuzunguka soko la Virunga. Hakuna orodha. Unaingia, unamwamkia mpishi, unauliza sufuria zina nini. "Mama, sombe iko?" "Iko, papa. Bugali ao muchele?" Mtanzania atajibu bila kusita, maana bugali ni ugali na sombe ni kisamvu. Lakini asidhani amezoea. Bugali ya Goma mara nyingi huchanganywa unga wa muhogo na wa mahindi, hivyo inavutika na kunata vidoleni zaidi ya sembe yetu, na huletwa ikiwa donge moja kubwa, moto kweli kweli.

Sombe ndiyo chakula ambacho ningemshauri mtu asafiri kwa ajili yake. Majani ya muhogo hutwangwa kinuni, au siku hizi husagwa kwa mashine sokoni, kisha huchemshwa muda mrefu, na muda huo si wa kupunguzwa kwa sababu majani mabichi yana sumu inayotoka kwa moto. Baadaye huingia mawese mekundu, kitunguu, bilinganya, pilipili hoho, na kwa mpishi asiyebania, karanga zilizosagwa na samaki wakavu wadogo. Itazame inapoiva: mafuta yanapanda juu yakiwa na rangi ya chungwa iliyokolea, majani yanazama chini yakiwa karibu meusi, na mpishi huirudisha mara moja kwa mwiko kabla ya kukupakulia. Pembeni huwekwa maharage, ambayo wenyewe huyaita maharagi, yaliyopikwa mpaka mchuzi ukawa mzito, na pengine lengalenga, mchicha wetu. Pilipili huja kwenye kisahani chake. Ni ndogo, mbichi, imepondwa kwa chumvi, na anayetoka Dar es Salaam akidhani anaijua pilipili aanze na ncha ya kijiko.

Samaki wa Goma ana habari yake, na inatuhusu. Ziwa Kivu lina gesi ya methani na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka kwenye vina vyake, na oksijeni ipo kwenye tabaka la juu tu. Kwa karne nyingi maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa enzi za Wabelgiji walichukua samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika wakawamwaga Kivu. Samaki hao walizaana, wakapewa jina la sambaza, na leo ndio kitoweo cha watu wa kawaida pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo msomaji wa Kigoma anayekula sambaza anakula jamaa wa dagaa wake.

Huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, wavu ukashushwa katikati, na wavuvi hupiga makasia wakiimba. Ukilala karibu na ziwa utawasikia wakitoka jioni. Asubuhi mzigo hufika Kituku, magharibi ya mji, penye bandari ndogo na soko kwa pamoja. Nenda mapema. Sambaza wabichi wanang'aa kama fedha kwenye mabeseni, wenye mawe na mizani wanabishana, na pembeni kuna mama mwenye karai la mafuta yanayochemka. Anawatupia chumvi, anawakaanga mpaka wakauke, nawe unawala wazima, kichwa na mkia, kwa ndimu. Hapo utakula umesimama, na sidhani kama kuna chakula cha Goma kinachoshinda hicho. Sato pia wapo, wakubwa, wa kuchomwa, na hoteli za ziwani huwaandaa vizuri, ila uliza kwanza wametoka ziwa gani.

Jioni baridi hushuka, kwa kuwa mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo moshi wa mbuzi huanza kupanda Himbi, Katindo na Ndosho. Mishikaki ya huko wanaiita kwa jina la Kifaransa, brosheti, na ni mirefu, yenye vipande vikubwa na kitunguu katikati. Huliwa kwa makemba, yaani ndizi ndefu za kukaanga, au kwa viazi vile vile ulivyoviona Munigi asubuhi. Waislamu ni wachache mjini na nguruwe huchomwa sana, hivyo asiyemla aulize kabla ya kuagiza, hakuna atakayeudhika. Na ukiona simbilisi wakikimbia chini ya meza ya jiko la mtu, ujue si wa kuchezea. Katika Kivu familia nyingi huwafuga kwa ajili ya nyama.

Jambo moja linalomshangaza kila Mtanzania ni jibini. Milima ya Masisi, magharibi ya Goma, ni malisho ya kijani yenye ng'ombe na ukungu, na huko hutengenezwa magurudumu madogo ya jibini la manjano, la aina ya Gouda, lenye ngozi ngumu. Ufundi huo uliletwa na Wazungu, lakini sasa ni wa wafugaji wa Masisi wenyewe, na jibini la Goma huliwa mpaka Kinshasa. Likate, lile na mkate na ndizi mbivu, pamoja na chai ya maziwa. Halihitaji jokofu kwa safari fupi, kwa hiyo ndilo la kumletea mtu nyumbani.

Nimetaja Kibumba, Masisi na ziwa kwa makusudi. Hizo ndizo njia tatu za chakula cha Goma, ukiacha mpaka wa Rwanda, ambako kina mama huvuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière kila siku wakiwa na nyanya na mboga vichwani. Njia moja ikifungwa, sahani hubadilika siku hiyo hiyo. Mapema mwaka 2024 vita vya waasi wa M23 vilipofika Sake, magharibi ya Goma, barabara za Masisi na Minova zilikatika, na mizigo yote ikakimbilia majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyojaa watu na mizigo kutoka Minova ilizama mbele ya Kituku, karibu kabisa na ufukwe, watu wakitazama. Abiria wengi walikufa.

Na barabara ya Munigi ina msiba ambao Waitalia hawatausahau. Tarehe 22 Februari 2021 balozi wao nchini Kongo, Luca Attanasio, alipita hapo na msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani akielekea Rutshuru kuangalia mradi wa kulisha watoto shuleni. Msafara ulivamiwa karibu na Kibumba. Aliuawa yeye, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mkongomani Mustapha Milambo. Walikufa katika barabara ile ile inayoteremsha viazi, wakienda kuona kama watoto wanapata uji.

Munigi yenyewe imejua misiba mibaya zaidi. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapo, kipindupindu kiliwaua kwa maelfu, maji yakiwa hayapatikani na mwamba wa lava ukiwa mgumu mno kuchimba choo au kaburi. Miaka ya karibuni kambi za wakimbizi wa ndani zilizunguka tena Munigi na Kanyaruchinya, watu wa Rutshuru waliolima chakula cha Goma wakipanga foleni ya unga. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, na mwezi uliofuata kambi hizo zikavunjwa. Uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Wapishi wa malewa waliendelea kupika kwa kile kilichofika. Mimi nawahesabu kuwa watu muhimu kuliko wengi wanaotajwa katika habari za Goma, na fedha ya mgeni inayoingia kwenye aproni ya mpishi inafanya kazi nzuri kuliko inayoachwa kwenye baa ya hoteli.

Kwa hiyo anayewaza safari aanze kwa kuuliza hali ya usalama, na aulize watu walioko huko. Njia ya kawaida ya kutoka Tanzania ni Rusumo, Kigali, kisha Rubavu, ambako unavuka mpaka kwa miguu. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini masharti ya viza yaulizwe ubalozini kabla ya kuondoka, na cheti cha homa ya manjano kisisahauliwe. Faranga za Kongo hutumika sambamba na dola za Marekani. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa na kila mtu, kuanzia muuza sambaza hadi mwenye hoteli, basi kagua zako kabla ya kuvuka. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa, kwa kuwa kipindupindu hakijaondoka. Kula kilicho moto, nawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni, na mlipe mama mpishi taslimu kabla hujanyanyuka.