Mbona Mtoto wa Bulldog Anatoboa Mfuko Kuliko wa German Shepherd?

Umewahi kutafuta kijibwa ukashtuka? Wa German Shepherd unaweza kujipanga ukanunua, lakini wa Bulldog wa Kiingereza anataka doh ya rent ya miezi kadhaa. Si maringo tu, msee.

Mambo huanzia kwa kuzaa. Bulldog ana kichwa kikubwa na nyonga nyembamba, kwa hivyo watoto hukwama. Uingereza, utafiti ulionyesha zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wao ni wa upasuaji. Mara nyingi hata mbegu huwekwa na vet, juu dume hulemewa kupanda. Na bado anazaa watoto wachache, kama wanne hivi. German Shepherd hujizalia mwenyewe, mara nyingi hadi wanane. Gawa hizo gharama kwa kila kichwa, utaelewa.

Ongeza chanjo ya parvo na karatasi za ukoo kutoka East Africa Kennel Club.

Sasa ukiona Bulldog wa bei ya kutupa, usitume pesa kwanza. Enda umwone mama yake, uitishe karatasi. Na ujue kununua ni mwanzo tu: hiyo pua fupi humnyima pumzi, na bili ya vet itakufuata hadi kwako.