Pumzi Yafichua Kilichojificha Kifuani

Wakulima wa Kitale wanalijua jambo hili vizuri: gunia la mahindi likianza kuoza ndani, pua hupata habari kabla ya jicho. Hulifungui, unalinusa tu. Wanasayansi nao wanatafuta njia ya kumpima mgonjwa namna hiyo hiyo. Wanataka kupima pumzi ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa saratani, ili wajue kama ugonjwa umerudi.

"Kwani pumzi si hewa tu?" utauliza. La, hasha! Mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling wa Marekani alionyesha kwamba pumzi ya binadamu ina takribani vitu 250 tofauti, vingi vikiwa kidogo mno. Vingi hubebwa na damu hadi mapafuni, kisha hutoka nje tunapopumua. Ndiyo maana mlevi akipuliza alkoblo hunaswa, hata kama ametafuna peremende mfuko mzima.

Seli za saratani haziishi kama seli nyingine, kwa hiyo huacha alama zake katika pumzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, waliwapima wagonjwa wa saratani ya mapafu kabla ya upasuaji na baada yake. Mgonjwa alipuliza puto, na hewa ile ikapitishwa kwenye chipu ndogo inayonasa kemikali fulani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kati ya kemikali nne zilizochunguzwa, tatu zilipungua sana baada ya uvimbe kuondolewa. Hapo ndipo penye tumaini. Ikiwa zinashuka uvimbe ukitolewa, basi zikipanda tena huenda ni onyo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Je, hayo yatuhusu nini sisi wa Kitale na Bungoma? Yanatuhusu sana! Huku magharibi mwa Kenya saratani ya umio, ile njia ya chakula, huonekana mara nyingi. Nayo imeshachunguzwa kwa pumzi: mwaka 2018 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kupima watu 335 ili kuitambua saratani hiyo na ile ya tumbo.

Tena, mgonjwa akishapasuliwa, kazi haijaisha. Sharti arudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa akachunguzwe. Kutoka Kitale hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ni kama kilomita 70, na wa Bungoma ana safari ndefu zaidi. Hesabu nauli, hesabu chakula, hesabu siku ya shamba iliyopotea. Kidonda kikipona, mzee hujiambia, "Mimi niko sawa," akaacha kwenda. Kumbe saratani ikirudi haibishi hodi! Pumzi ingepimwa katika zahanati ya karibu, safari ndefu ingebaki ya yule tu anayeihitaji.

Lakini tusishangilie kabla ya mechi kwisha. Kipimo hiki bado ni cha watafiti, hakijachukua nafasi ya picha za hospitalini wala kliniki ya daktari. Chakula, sigara na dawa huweza kubadilisha pumzi, na mama anayepika kwa kuni huvuta moshi kila siku. Ni lazima kipimo kijue kutofautisha moshi wa jikoni na ugonjwa, la sivyo kitawatia watu hofu ya bure.

Basi ndugu msomaji, puto halijafika kwetu, ila tarehe ya kliniki ipo. Likizo hii, kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kupasuliwa, muulize kwa heshima, "Nyanya, siku yako ya kurudi hospitalini ni lini?" Kisha msaidie aende. Usipoziba ufa utajenga ukuta.