Mbwa Mkubwa Anayechagua Chakula: Mizani ya Nyama Mbichi na Usalama wa Jirani

Barabara itokayo Kigali kuelekea mpaka wa Nemba hupita Gahanga, wilayani Kicukiro, kabla ya kuvuka Mto Nyabarongo na kuingia Bugesera. Nyumba zimeongezeka kandokando yake, na nyuma ya malango mengi yupo mbwa mkubwa wa ulinzi. Wenye mbwa hao huuliza swali moja: afanyweje mbwa anayenusa ugali na kuupa kisogo? Wengi hukimbilia nyama mbichi. Hatuwakatazi, ila tunawaomba watambue kwamba bakuli la mbwa ni jambo la mtaa mzima.

Tuanze na sababu ya kukataa. Mara nyingi mbwa hachagui kwa kiburi: ameshibishwa makombo mchana kutwa, ana jino bovu, au ana minyoo. Mpe chakula mara mbili kwa siku, kwa saa maalumu, na uondoe bakuli baada ya dakika 20. Mbwa mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja hadhuriki, lakini akikataa chakula siku nzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa asingojewe hivyo. Mbwa mkubwa asikimbizwe mara tu baada ya kula, kwa maana tumbo lake huweza kujaa gesi na kujipindua, akafa kwa saa chache.

Sasa mizani. Nyama tupu si mlo kamili. Ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mbwa akiila peke yake kwa miezi mifupa yake hudhoofika. Kanuni itumiwayo na wengi ni kumpa mbwa mzima asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 40, basi, atapata kilo 1 hivi: gramu 800 za nyama pamoja na moyo, gramu 100 za mifupa laini mibichi kama shingo ya kuku, gramu 50 za maini, na gramu 50 za figo au bandama. Maini yasizidi hapo, kwa kuwa vitamini A ikipita kiasi huwa sumu. Mfupa uliopikwa usitolewe kamwe, kwani huvunjika kama vigae na kutoboa utumbo. Hata mizani hii hupungukiwa na madini kama zinki na iodini, hivyo mwenye mbwa amwone daktari. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asipangiwe mlo kwa kukisia: kalisi ikipungua au ikizidi, miguu yake hupinda. Mabadiliko ya chakula yafanywe polepole, kwa siku 7 hadi 10.

Jambo zito zaidi ni asili ya nyama yenyewe. Katika maeneo ya mpakani hupatikana nyama ya bei nafuu iliyopitishwa njia za panya, au ya mnyama aliyejifia, na muuzaji husema: "Hii ni ya mbwa tu." Neno hilo lisitudanganye. Anayeikata ni binadamu, kisu ni kile cha jikoni, na mtoto hushika bakuli. Mnyama aliyekufa kwa kimeta akichunwa huacha vimelea vinavyodumu udongoni miaka mingi. Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Rwanda mwaka 2022, huambukiza watu kwa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imejulikana kwa miongo mingi kwa ugonjwa wa vifuko vya maji: mbwa hula mapafu au maini mabichi yenye vifuko vya tegu, mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, mtoto huyameza akicheza, na kifuko hukua ndani ya ini lake kwa miaka.

Kwa hiyo nunua nyama iliyokaguliwa na yenye mhuri. Viungo vyenye vifuko usimpe mbwa wala usivitupe jalalani. Vichemshwe dakika 40 au vizikwe kwa kina. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Tenga kisu na ubao wake, na unawe mikono kwa sabuni, kwani jokofu hupunguza mwendo wa vijidudu lakini haliviui. Mnyama aliyejifia asichunwe. Daktari wa mifugo wa sekta aarifiwe.

Mwisho, tofautisha mbwa mchaguzi na mbwa mgonjwa wa kichaa. Mbwa akiacha kula ghafla, akidondosha mate, sauti ikabadilika na akashindwa kumeza, usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie, waepushe watoto, na upige simu 112 au umwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate hayo penye jeraha aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Chanjo ya mbwa ndiyo ngao ya familia na majirani.

Tunawalinda wananchi pamoja na wananchi. Ukiona nyama inauzwa gizani, hata kama inaitwa ya mbwa, utupe taarifa. Anayefuga mbwa ili alale salama asimlishe kitu kitakachomwondolea jirani usingizi.